Maji ya Chini Hayana Haraka

1.
TANGAZO KWA WATAFITI WOTE MELINI
Kuanzia leo, hakuna kipimo kitakachotumwa kambini pasipo idhini ya Mkuu wa Msafara. Kambi ya barafuni itaendelea na kazi kama kawaida. Hofu ni marufuku.

2.
Rukia Shekue alilisoma akiwa wima, kipimajoto mkononi. Lilimlenga yeye. Asubuhi ile alikuwa amekiteremsha chini ya bamba la barafu, kwenye kina cha bahari ya kusini ambako maji hayakuwahi kufika hata sifuri. Kilirudi na jibu:

nyuzijoto moja

        juu

                ya sifuri.

Na juu ya bamba hilo, katika mahema, walikuwamo watu watano. Mmoja wao alikuwa Mbwana, mdogo wake wa tumbo moja.

3.
Wewe unayesoma, usinitafute juu. Juu kuna theluji, nzuri ya kupigia picha. Mnasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi, maji ya chini, nimo chini ya nyayo.

Nalamba.

Nalamba.

4.
"Kipimajoto chako kimekufa, binti," alisema Dakta Kiwelu, mkuu wa msafara.

"Tukipime basi, Dakta."

Vuai, mwendesha winchi ya kuteremshia vipimo baharini, akaleta ndoo ya barafu inayoyeyuka. Humo, kipimajoto kizima husoma sifuri.

Kikasoma sifuri.

"Kumbe mbovu ni bahari!" Vuai akaangua kicheko. "Dakta, iandikie barua ya onyo."

"Funga mdomo, Vuai. Nawe Rukia, bandari ya kwanza unashuka. Nikiivunja kambi leo, sitapewa meli nyingine maishani."

"Na bamba likivunjika?"

"Limekaa hapo kabla ya babu yako."

5.
Sauti ya Mbwana, redioni:

"Dada, huku chini kunanguruma kama tumbo lenye njaa. Dakta anasema ni kawaida. Nawe wasemaje?"

Rukia alihisi pumzi ya Dakta kisogoni. Mkono wa mkuu ulikwisha kufika kwenye swichi.

"Ni kawai"

Akaliacha neno njiani.

"Mbwana, si kawaida. Acheni kila kitu. Ondokeni juu ya bamba sasa hivi, elekeeni kwenye mwamba wa"

Tk.

6.
Vuai alimshika Dakta mkono, akaubandua kwenye swichi kama kupe. Taa ya redio ikawaka tena.

"Mbwana, umenisikia?"



"Mdogo wangu, umenisikia?"



Mimi nilimsikia.