Vishimo Kumi na Viwili

Tone la kwanza la vinasaba halikuzama. Salima alilishusha taratibu kwa pipeti ndani ya kishimo cha jeli, nalo likapanda juu na rangi yake ya buluu, likatawanyika kama moshi ndani ya maji yaliyoifunika jeli. Akajaribu la pili. Yakawa yale yale.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuachiwa kazi hiyo peke yake pale maabara ya mimea, Lindi mjini. Na sampuli zenyewe hazikuwa za ugenini: zilitoka kwenye mashina ya minazi kumi na miwili ya kwao Mchinga, minazi iliyokuwa ikinyauka vilele bila mtu kujua inaugua nini. Sampuli za awamu iliyopita zilitoa vinasaba vilivyokatikakatika, visivyofaa kupimwa ugonjwa wowote.

"Endelea na hizo nyingine," alisema Bwana Sixbert, mkuu wake, akitazama saa. "Mbili zikipotea si neno."

Salima akafungua kichupa cha tatu, akanusa.

"Hapana, mzee. Spiriti imebaki humu, nayo ni nyepesi kuliko maji. Nilipozisafisha sikuzisubiri zikauke sawasawa. Zote zitaelea."

"Kwa hiyo?"

"Kosa ni langu. Nazikausha upya, namimina na jeli nyingine."

Bwana Sixbert akavuta kiti, akaketi. Salima akaviacha vichupa wazi mpaka harufu ikakata, akamimina jeli mpya, akachota upya, akachanganya na rangi, akabana pumzi. Tone likazama tuli hadi chini. Likafuata la pili, la tatu, mpaka la kumi na mbili. Akawasha umeme wa kuvisukuma vinasaba ndani ya jeli.

Baada ya saa moja akaiweka jeli juu ya taa. Mistari kumi na miwili ikang'aa, myembamba, imekaza. Hakuna hata mmoja uliotapakaa, ishara kwamba vinasaba havikukatika.

Bwana Sixbert aliinama akaitazama weee, kisha akamsogezea daftari la maabara.

"Andika jina lako. Langu liache."

Akaandika *Salima Hussen*, kwa herufi kubwa kuliko kawaida yake. Halafu akampigia shangazi yake Mwanaima, ambaye minazi yake mitatu ilikuwamo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wamesemaje hao wakubwa?"

"Si wakubwa, shangazi. Ni mimi. Vinasaba nimevitoa vizima. Sasa ndipo ugonjwa utapimwa."

Salima akamsikia shangazi akimpigia jirani ukelele: "Njoo usikie! Minazi yetu inapimwa na mtoto wa humu humu!"

Machozi yakamlenga Salima, wala hakujificha.