Mwanga Katika Nyumba ya Orrin

Arlene Etcheverry alikuwa na miaka mitatu mgodi wa fedha wa Orrin ulipofungwa na watu wote wa mji wakahama. Sasa anakaribia sabini, na alichobaki nacho cha mji ule ni kumbukumbu moja tu: amebebwa begani gizani, mbele yake dirisha linawaka. Maisha yake yote alitamani kuliona tena.

Oktoba, usiku usio na mwezi, binamu yake Doyle alimpeleka kwa pikapu. Nyumba za mbao zilizosalia hazikuzidi tano. Arlene akaichagua ile yenye kibaraza, akiamini ndiyo ya kwao, akasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akampa Doyle tochi.

"Ingia ndani umulike dari. Usielekeze dirishani, na usisimame mahali pamoja."

"Dada, sakafu hii ikinimeza utamwambia nini mke wangu?"

"Nitamwambia ulikufa ukifanya kazi. Hataamini."

Doyle akaingia akicheka. Arlene akaiacha lenzi wazi nusu dakika nzima, kamera ikinywa mwanga taratibu. Picha ya kwanza iliungua kwa mwanga mwingi, ya pili ikatoka nyeusi. Ya tatu ikakubali: dirisha la manjano kama siagi, na juu ya paa nyota zisizo na idadi. Doyle alipotoka alimkuta ameketi chini, machozi yanamtoka. Hakutania tena. Alimvika koti lake, akaanza kukusanya vifaa.

Jumapili Arlene aliipeleka picha kwa mama yake, Maite, katika nyumba ya wazee. Maite, mwenye miaka tisini na minne, alivaa miwani akaitazama.

"Hapa si kwetu."

"Mama! Si ile yenye kibaraza?"

"Sisi tulikuwa na kibaraza tangu lini? Hapa ni kwa Ida Pruitt. Baba yako akiwa zamu ya usiku nilikuwa naogopa kulala peke yangu. Nakubeba, tunakwenda kwa Ida, tunakunywa kahawa mpaka king'ora cha mgodi cha alfajiri."

Arlene aliiinamia picha. "Kwetu ni wapi, basi?"

Maite aliweka kidole pembeni mwa picha, penye giza tupu. "Hapa. Waliibomoa, wakachukua mbao."

Arlene alinyoosha mkono aichukue picha, lakini mama yake hakuiachia. Alikuwa akilipapasa dirisha kwa kidole gumba.

"Tuliahidiana kuandikiana. Nikaandika mara mbili, kisha ukaugua surua, kisha tukahama tena."

"Alikwenda wapi?"

"Ningejua, mwanangu, ningemfuata hata kwa miguu."

Arlene hakuwahi kumsikia mama yake akilitaja jina la Ida kabla ya siku hiyo. Akaketi kitandani kando yake.

"Niwekee hapo," Maite akasema, "nikiamka niione."

Arlene akaiegemeza kwenye glasi ya maji. Walikaa wakiitazama, na mhudumu aliyeleta supu akasimama mlangoni kwanza, akiwasubiri.