Pengo la Mama Tatsue

Mama mkwe wangu aliingia studio akiwa na buti za shambani, matope mpaka magotini, taulo la jasho limefungwa kichwani. Mkononi kashika shina zima la tangawizi, limeng'olewa muda huo huo, na majani yake yanaifagia sakafu yangu niliyoipiga deki asubuhi.

"Sanae, nipige picha ya mazishi."

"Mama, unaumwa?"

"Mpaka niumwe? Unataka unipige nimekodoa macho kama samaki wa juzi?"

Hapa kwetu mkoani Kochi wazee wengi hupigwa picha ya mazishi mapema, wangali na nguvu zao. Nimewapiga wengi mno. Huja na kimono cheusi chenye nembo ya ukoo, nywele zimechanwa, wanakaa wima, mdomo wameufumba. Wenyewe wanapenda hivyo, nami sina ugomvi nao. Lakini Tatsue wa ukoo wa Okabayashi hakuwa mtu wa kukaa wima.

"Basi nenda ukavae kimono," nikamwambia, nikijua fika nachokoza nyuki.

"Ng'o! Kimono nilikivaa siku ya harusi, nikaambiwa nisicheke. Toka siku hiyo tumenuniana, mimi na kimono." Akajitupa kwenye kiti, matope na yote. "Unamjua yule bibi wa chumba cha madhabahu?"

Ningekosaje kumjua? Katika chumba cha madhabahu nyumbani kwao picha za marehemu wa ukoo zimening'inizwa juu ya milango, zimeinama mbele kidogo, zinakutazama ukila. Mkali kuliko wote ni mama mkwe wake yeye Tatsue, aliyefariki kabla mimi sijaolewa. Amenuna kana kwamba kalambishwa shubiri.

"Maisha yangu yote nakula chini ya macho yake," akasema. "Chumvi ikizidi, ananitazama. Nikijimiminia kikombe cha pili, ananitazama. Sasa nisikilize vizuri. Nikifa, nining'inizeni ukuta wa pili, tutazamane uso kwa uso. Yeye anune, mimi nicheke. Tuone nani atachoka kwanza!"

Akaangua kicheko. Nami nikacheka, lakini kidole changu hakikuzubaa, nikabonyeza. Ikatoka picha ambayo sijawahi kupiga nyingine kama hiyo: tope shavuni, taulo limekaa upande, tangawizi kaikumbatia kama mjukuu, na mdomo wazi mpaka unaona kidakatonge. Na hapo mbele, juu, pengo.

Pengo lile lilikuwa na hadithi zake. Muuza samaki aliambiwa jino liling'oka Tatsue alipomng'ata ng'ombe dume. Mtawa wa hekalu aliambiwa limevunjwa na vitumbua vya mchele vya mwaka mpya vilivyopikwa hekaluni kwake, na maskini aliomba radhi. Mimi, wiki niliyoletwa pale bi harusi, niliambiwa, "Nilimng'ata mama mkwe wangu. Kwa hiyo na wewe kaa chonjo." Hakuna aliyejua ukweli, na nilishaacha kuuliza.

Nikamwonyesha picha kwenye kompyuta. Mazoea ya kazi ni mabaya: mkono ukaenda wenyewe, nikaanza kuliziba lile pengo. Akanichapa kofi mkononi.

"Usiguse! Hilo lina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Anajijua." Kwa mara ya kwanza siku ile hakucheka. "Siku akijitaja, mwambie mimi sikulionea aibu hata siku moja. Nilimsamehe kabla damu haijakauka. Asipojitaja, funga domo lako, mwache na lake. Na uniapie, Sanae. Picha ni hii, si nyingine."

"Naapa, Mama."

Mimi si mtu wa kuapa ovyo. Nikisema naapa, nimeapa.

Katika sikukuu ya wafu ya mwezi wa nane, wanawe wote wawili walikuwa nyumbani: Mitsuo, mume wangu, na kaka yake Kiyonori, kifungua mimba, mkubwa katika kampuni ya bima huko Osaka. Mama akaileta picha ikiwa na fremu yake, akaisimamisha katikati ya meza, baina ya sahani ya samaki wa kubabuliwa na chupa ya sake, pombe ya mchele.

"Haya, mnanionaje?"

Mitsuo alicheka mpaka akapaliwa. Kiyonori alibadilika rangi.

"Mama, hii ni mzaha?"

"Mzaha gani? Ndiyo picha yangu ya mazishi. Kapiga Sanae."

"Watakuja watu wa kazini kwangu!"

"Waje. Samaki wapo."

"Jino huna! Mara ngapi nimekuambia nitakulipia daktari wa meno? Mara ngapi?"

"Jino la nini? Nyama natafuna, maboga natafuna, na wewe nakucheka. Nimepungukiwa nini?"

Kiyonori akainuka, akatoka nje, akasimama peke yake uani kwenye jua kali. Mimi nikasema moyoni, haya ndiyo majivuno ya mjini, mtu anamwonea haya mama aliyemzaa. Mama alimtazama kupitia mlangoni, akajimiminia kikombe cha pili, akamtupia jicho yule bibi wa ukutani, akanywa.

Alifariki msimu wa kuvuna tangawizi. Alikaa ukingoni mwa shamba kunywa chai na Masu, mwenzake wa tangu usichana. Masu alidhani kasinzia, akamsema kwa uvivu mpaka chai ikapoa. Niliposikia niliketi chini palepale studio nikalia kwa sauti, na mteja alinisubiri na kamera yake mkononi, hajui aende au abaki.

Mkesha tuliufanya nyumbani, na picha yake ya kicheko ilikuwa pale kichwani pake. Shemeji Kiyonori hakuigusa. Nikadhani ameshindwa. Kumbe!

Siku ya mazishi nilitangulia ukumbini kuangalia maua. Nikanyanyua macho juu ya jeneza, nikahisi damu inanipanda kichwani. Picha ilikuwa yangu, ila mtu hakuwa yule. Walikuwa wamemkata shingo, wakamvika kimono cheusi chenye nembo. Taulo limetoka, tope limefutwa. Na kompyuta za siku hizi hazina haya, walikuwa wamemfumba mdomo. Macho yanacheka, mdomo umenuna. Lo! Hata maiti ndani ya jeneza ilikuwa inafanana naye kuliko ile picha.

"Nani kafanya huu upuuzi?" nikamuuliza mhudumu wa ukumbi, na sauti yangu ilikwenda mpaka jikoni.

"Ni mimi," Kiyonori akasema nyuma yangu. Alikuwa na suti nyeusi na uso wa mtu asiyelala. "Niliwapa picha, nikawaambia waitengeneze. Mimi ndiye mkubwa wa familia, Sanae. Mimi ndiye ninayesimamia mazishi haya. Wewe ni mke wa mdogo wangu."

"Ndiyo, na ni mimi niliyemwapia."

Sikungoja jibu. Nikavua viatu, nikapanda kwenye jukwaa la maua.

"Mama, tafadhali, maua hayo—" mhudumu akaanza.

"Yataota mengine!"

Nikaing'oa ile picha bandia, nikailaza chini kifudifudi. Nikashuka, nikafungua kitambaa nilichofungia fremu ya nyumbani, kwa maana niliileta ili imsindikize mpaka kwenye tanuru la kuchomea maiti. Kiyonori akaishika upande mmoja. Mimi nimeshika wa pili. Watu wazima wawili tunavutana mbele ya jeneza, kama watoto na kikombe cha uji.

"Achia, shemeji."

"Siachii. Nimesema siachii!"

"Alitaka nini mama yako? Sema hapa, mbele yake. Alitaka nini?"

"Sitaki watu wamcheke!"

"Yeye alitaka wacheke! Unamwonea aibu, sema tu unamwonea aibu!"

"Si yeye!" Sauti ikamkatika. "Si yeye ninayemwonea aibu. Jino hilo nililivunja mimi."

Nikalegeza mkono, lakini fremu sikuiachia.

"Nilikuwa na miaka kumi. Alinikataza kwenda kwenye mechi ya besiboli, kazi ya shamba ilikuwa haijaisha. Nikamrushia mpira usoni, ule mgumu kama jiwe. Si bahati mbaya, Sanae. Nililenga. Baba alipouliza, yeye akasema kaanguka mferejini. Akamtungia kila mtu uongo wake, miaka yote, na mimi nipo, nasikiliza. Kila akicheka naliona. Sijamwomba radhi mpaka leo, na leo ndiyo hivyo tena."

Kumbe mwenyewe ndiye huyu. Na mimi nilishamhukumu kwa majivuno ya mjini! Hasira yote ikanishuka miguuni.

"Shemeji," nikasema, "una ujumbe wako. Siku ile nilipompiga picha nilitaka kuliziba pengo, akanichapa. Akasema lina mwenyewe, na siku akijitaja nimwambie hivi: hakulionea aibu hata siku moja. Alikusamehe kabla damu haijakauka."

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Mimi na kutunga tumeachana, alikuwepo yeye wa kututungia wote."

Akaiachia fremu. Akaenda kuketi kwenye viti vya wageni, safu ya nyuma kabisa, akajiinamia. Nikapanda tena, nikamweka Mama mahali pake, na shina la tangawizi nililomchumia nikaliegemeza kando. Mhudumu hakusema tena habari ya maua.

Wa kwanza kuingia alikuwa Masu, na fimbo yake na shanga zake za sala. Akainama, akachoma ubani, akanyanyua macho. Akaduwaa.

"Tazameni huyu!" akapayuka. "Hata leo hajanawa uso!"

Akaangua kicheko huku machozi yanamtoka, na wanawake wa shambani nyuma yake wakacheka, na mtawa akajifanya anakohoa. Watu wa kampuni ya bima walitazamana, kisha mmoja wao akatabasamu, ikawa ruhusa. Nikamtazama Kiyonori. Alikuwa analia waziwazi, wala hafuti.

Ulipofika wakati wa kutoa jeneza, tulijipanga kama ilivyo desturi: mkubwa hubeba kibao chenye jina la marehemu, anayemfuata hubeba picha. Kiyonori akamgeukia mdogo wake, akamtia kibao mikononi.

"Kaka, hiki ni chako," Mitsuo akanong'ona.

"Leo kibebe wewe." Akaja kwangu, akanyoosha mikono. "Nipe mama yangu."

Nikampa. Mtawa alifungua mdomo, akamwona usoni, akaufunga. Kiyonori akatoka mbele ya wote, fremu kifuani, uso wa Mama umewaelekea watu, na pengo lake nje mchana kweupe. Alitembea taratibu, ili kila aliyesimama njiani alione.

Siku arubaini na tisa za kumwombea marehemu zilipotimia, alitoka Osaka kuja kuitundika picha katika chumba cha madhabahu. Alipanda ngazi mwenyewe, akakataa kusaidiwa.

"Hapa?" akauliza.

"Sogeza kushoto kidogo. Bibi yako hamwoni vizuri."

Akasogeza. Wanatazamana mpaka leo. Kila asubuhi nikiingia mle na ubani namwambia kwa sauti, na wote waliomo ukutani wasikie: "Mama, hajacheka bado huyu. Usichoke."