Silabi Tatu Zinazoishia na Ni

...na neno la mwisho nimelifunika kwa karatasi, nimeibana ubaoni kwa kiganja, nawaambia kidato cha tatu wasibahatishe tu, wahesabu mizani, waangalie vina, someni tena, nasema, na darasa zima linasoma,

Siku zinapukutika, sura yako i machoni,
Mlango ukifunguka, utanikuta...

wanaishia hapo, wananitazama, hawajui kuwa shairi ni langu, nimewaambia mtunzi hajulikani, nimelitunga Jumapili baada ya kupiga simu Muleba, mama yangu akampa mwanangu simu, Editha, ongea na mama, na yule mtoto wa miaka minne akauliza, mama gani?... “Shambani, madam!” ni Nchagwa huyo, wenzake wanacheka, shamba lina mlango, Nchagwa? lakini silabi ni tatu na inaishia na ni, umehesabu vizuri, “Jikoni,” anasema Ghati, nayo inaingia, sasa fikirini huyu anayesema anatamani nini, nasubiri waseme nyumbani, nyumbani ndilo neno nililoandika, silabi tatu, rahisi tu, mwaka wa tatu naandika barua ya uhamisho nirudi nyumbani, na kila nikijibiwa nisubiri najiambia mtoto yuko salama kwa bibi yake, anakula, anakua, Itiryo hapa nani atakaa naye nikiwa darasani, chumba chenyewe kimoja, baridi ya asubuhi, sababu ninazo nyingi, nazijua kwa moyo... “Mgeni,” anasema Mokami, yule wa dirishani asiyenyoosha mkono hata siku moja, utanikuta mgeni, nahesabu kwa vidole, m, ge, ni, inaingia, inaingia vizuri mno, kwa nini mgeni, Mokami? “Kwa sababu shairi halijasema nani yuko ndani na nani yuko nje, madam. Mama yangu alienda Kenya kufanya kazi za ndani miaka sita. Siku aliporudi ni mimi niliyefungua mlango. Nikamwambia shikamoo, karibu, bibi yuko shambani.” Na yeye akasema nini? sikupaswa kuuliza, si swali la ushairi, lakini nimeshauliza, “Alisema asante, akakaa,” na hakuna anayecheka, hata Nchagwa, mwanamke aliyekaribishwa kwake akasema asante, alivaa nini siku hiyo, alileta zawadi gani, alikaa kwenye kiti kipi, nami nimemnunulia Editha viatu kwa kukisia mguu, mama akaniambia vimembana, vimembana tangu siku ya kwanza, hakuniambia mapema asiniudhi... “Madam, sasa neno lenyewe ni lipi?” kiganja changu bado kiko ubaoni, karatasi imeloa jasho, wananingoja, na ni kweli nilidhani shairi linamngoja mtoto mlangoni, kumbe nimejiweka mimi ndani ya nyumba nisiyoishi, hapana, sisubiri barua tena, likizo ya Juni nakwenda Muleba, nitamchukua, kitanda kimoja kinatosha, mke wa jirani alishasema angekaa naye na wanawe nikajifanya sikusikia, na akimlilia bibi yake njia nzima, Muleba mpaka Mwanza, Mwanza mpaka huku Tarime, aseme hanijui mbele ya abiria wote, nitambeba hivyo hivyo akilia.