Shimo la Gesi Nyuma ya Tanuri

Mwaka wa themanini na tatu mkate ulikuwa adimu Karatu kuliko nyama. Hamisa alikuwa na tanuri lake karibu na soko, lakini unga wa ngano haukupatikana, na kuni za msitu wa Ngorongoro zilikuwa zimepigwa marufuku. Ndipo akaja afisa kutoka Arusha na habari njema: mwenye biashara atakayejijengea mtambo wa gesi ya samadi, yaani shimo la kuozeshea kinyesi cha ng'ombe, angepewa saruji na mabomba, tena jina lake lingetangulizwa kwenye mgao wa unga.

Hamisa hakuwa na ng'ombe. Akamwendea rafiki yake Petronila, mama wa Kiiraqw aliyefuga pembeni mwa mji.

"Mama Bernadina, wewe una samadi, mimi nina tanuri. Nisaidie, na shimo la pili tutaomba lichimbwe kwako. Utapika bila moshi."

Macho ya Petronila yalikuwa yameshaharibiwa na moshi. Alikubali bila kusita. Kila asubuhi alisukuma toroli la samadi hadi kwa Hamisa, akaikoroga kwa mikono yake. Siku moto wa buluu ulipowaka kwa mara ya kwanza, walikumbatiana wakicheka, wote wawili wakinuka zizi. Unga ukaja. Karatu ikala mkate.

Masika yalipoanza, Hamisa akamwambia, "Shimo limejaa, dada. Pumzika kwanza, nitakuita."

Hakumwita. Mvua zilipokatika, Petronila alikwenda mwenyewe. Nyuma ya tanuri alikuta lori la hoteli ya watalii. Dereva alishusha mitungi ya gesi, akapakia magunia ya unga wa mgao, akaondoka. Petronila akachungulia shimoni. Samadi ilikuwa imekauka hadi kupasuka.

"Mama Kurwa, ni nini hiki?"

"Biashara, dada. Mkate una kazi nyingi, faida hakuna."

"Na shimo langu?"

"Afisa anakuja kukagua wiki ijayo. Akiridhika tu, nakutaja. Nawe uje usimame nami."

Petronila alitaka kuamini, akaamini. Siku ya ukaguzi alivaa kitenge chake cha kanisani.

Moto wa buluu uliwaka vizuri. Afisa alitabasamu, kisha akafuata bomba hadi nyuma ya ukuta, akaukuta mtungi. Akaenda kufunua shimo.

"Ndugu Hamisa, hii ndiyo gesi ya samadi?"

Hamisa alimnyooshea Petronila kidole. "Muulize huyu. Mwenye ng'ombe ni yeye. Amenisusia tangu masika, nikaazima mtungi nisifunge kazi."

Petronila alimgeukia. "Mama Kurwa! Si wewe uliyesema limejaa?"

"Lijae vipi, nawe huleti?"

"Watu kama wewe ndio mnaokwamisha mipango ya serikali," afisa alimwambia Petronila. "Mtambo kwako usahau."

Petronila alikuwa na neno moja mdomoni: magunia. Mwaka ule walanguzi walikuwa wakikamatwa nchi nzima, na neno hilo lingemfikisha Hamisa gerezani. Akawafikiria mapacha wa Hamisa, Kurwa na mwenzake, wasio na baba. Akalimeza.

Jioni Hamisa alikuja na mkate wa moto.

"Mungu akulipe kwa kunisitiri. Nimepewa nafasi nyingine. Utaniletea samadi?"

Petronila aliusukuma mkate. "Sikukusitiri wewe. Niliwasitiri wanao. Mkate wako wapelekee wazungu wa hotelini."

Hamisa alipata samadi kwa mfugaji mwingine, na mgao wake haukukatika. Baadaye wageni wa wilaya waliletwa kuuona mtambo wake, wakampigia makofi. Petronila aliendelea kupuliza kuni. Mapacha walipopita kwake wakitoka shule, aliwapa maziwa kama zamani. Mama yao hakuwahi tena kumtumia salamu.