Mashine Iliyokohoa

Mwalimu Mayala alikereza vyuma, akivichonga kwa kisu huku vikizunguka mashineni, katika kiwanda cha nguo pale Nyakato mpaka kiwanda kikabinafsishwa, mashine zikapakiwa malorini kama chuma chakavu, naye akabaki na ufundi usio na pa kuuweka. Basi akachonga mashine ya mbao ya kufundishia vijana. Mkono wa kuzungushia ulikuwa pedali ya baiskeli, kisu kijiti cha mpera, na mngurumo aliutoa mwenyewe kwa mdomo.

"Kereza, Odeta! Nnnnnn..."

Ukikandamiza kisu, alilia kama nguruwe aliyeshikwa mguu. Ukienda vizuri, aliimba kama nyuki. Pumzi ikimwishia alikohoa, na hapo mwanafunzi alijua amefika mwisho wa chuma, akarudisha kisu.

"Mwalimu, mashine yako inataka dawa ya kifua," alisema Nurudin, ambaye mdomo wake haukufungwa breki.

"Dawa yake ni wewe kunyamaza. Njoo, zamu yako!"

Odeta alicheka na wenzake, ila mikono yake haikufanya mzaha. Kiwanda cha minofu ya sangara kilitaka fundi mwenye cheti, na kule Mirongo mama yake alishaanza kujitambulisha kwa majirani kama mama wa fundi.

Miezi ikapita, kikohozi kikawa kinawahi. Wanafunzi wakakifupisha chuma chao cha kufikirika ili kimtoshe mwalimu. Masika yalipoanza, wakamzika kwao Bujora.

Wiki iliyofuata ukafika mtihani wa vitendo wa kupata cheti, kwenye mashine ya kweli. Odeta akafunga chuma, akaweka kisu, akawasha.

Nnnnnn. Nyuki walewale! Odeta nusura aiamkie. Maganda ya chuma yakajikunja, yakaanguka. Hata msimamizi, Mzee Antoni, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisu kikasogea, kikasogea. Odeta akatega sikio. Mashine ikaimba tu, bila kuchoka.

Paa! Kisu kikagonga meno yaliyoshika chuma, kikavunjika.

Mzee Antoni akazima umeme. "Binti, mwisho wa chuma si ulikuwa unauona? Ulikuwa unangoja nini?"

Odeta aliitazama ile mashine, nzima, kifua chake hakina hata mkwaruzo.

"Ikohoe, mzee."

Mzee Antoni alidhani anataniwa. "Umefeli. Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa Nurudin. Alisogea kwenye mashine, akafungua mdomo kutania, akaufumba, akakazia macho mwisho wa chuma.