Matanga Bila Maiti

"Mtoto habatizwi kwenye nyumba yenye matanga!" Mama Honorata alisema kwa mara ya tatu, akipiga mkeka kwa kiganja.

"Basi yaanuliwe," nikasema. "Leo, saa hizi. Ibada ni saa nne."

"Yaanuliwe vipi? Nionyeshe kwanza kaburi la mwanangu."

Kaburi halikuwepo. Wilfred, mume wa binti yangu Yunisi, aliondoka Katonga mwezi wa pili na mtumbwi wa dagaa, dhoruba ikawakuta ziwani karibu na Ilagala. Wenzake wawili waliogelea hadi ufukweni. Yeye ziwa halikumrudisha, ingawa walimtafuta siku tisa. Tangu hapo mama yake, huyu Mama Honorata, alishikilia neno moja: bila mwili hakuna maziko, bila maziko matanga hayaanuliwi. Na yasipoanuliwa, mjane hatoki. Yunisi alikuwa wiki ya nane ameketi ukutani, meza yake ya vitenge pale sokoni Mwanga imefunikwa turubai. Jeremia, mtoto aliyezaliwa baba akiwa ameshapotea, hakuwa ameonyeshwa hata jua.

Nilivumilia kuliko nilivyozoea. Lakini asubuhi ile ya Pasaka nilimsalimia Yunisi akanijibu kwa kutikisa kichwa tu, na uvumilivu ukaniishia.

"Mkwe, subiri kidogo," nikasema. "Huyu naye anakwisha hapa hapa. Mwili wake hutahangaika kuutafuta."

"Una ulimi mchafu wewe!"

Jirani yetu Mwanvua aliingia na chupa ya uji, kama alivyofanya kila siku tangu msiba. "Jamani, hata sikukuu mnagombana? Sisi Idi tunagombania nyama tu."

Yunisi akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo kama kikohozi, lakini sote tuligeuka.

"Mama," akamwambia mkwewe, si mimi. "Leo nani anasoma kanisani?"

"Sijui. Mimi nina msiba."

"Pasaka zote husoma wewe. Basi nisomee hapa, kwa kuwa sitoki."

Mama Honorata hakuhitaji kitabu, somo lile alikuwa nalo kichwani. Akafumba macho, akaanza: wanawake walidamka mapema, wamebeba manukato ya kumpaka marehemu. Wakalikuta jiwe limeviringishwa. Wakaingia, lakini mwili...

Akafumbua macho.

"Endelea, Mama."

"Mwili hawakuuona," akasema polepole, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa jina lake.

Nilifungua mdomo. Mwanvua akanikanyaga mguu.

"Miaka kumi na miwili nasoma maneno haya," mkwe wangu akasema. "Nao walikuja kuzika, kama mimi. Wakakosa cha kuzika." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Wilfred hajafufuka. Mimi si mwehu, najua amekufa. Lakini Aliyefufuka anajua mwanangu amelala wapi. Siku akimwita, ziwa litamtoa. Halitauliza kama kuna kaburi."

Akainuka, magoti yakilia, akaingia chumbani. Alirudi na kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne. Ilikuwa sanda ya Wilfred, aliyoinunua wiki ya kwanza, ikisubiri mwili.

"Lete mkasi."

"Mkwe, labda tufikiri kwanza..."

"Si wewe uliyesema saa hizi? Mkasi! Sanda ya Bwana ilibaki kaburini, haikuwa na kazi tena. Hii nayo nitaipa kazi nyingine."

Nikaleta. Alikata kipande kirefu, akamfunga Jeremia kuanzia kwapani hadi miguuni. Mtoto akapiga chafya.

"Yunisi, inuka."

Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Mwanvua akamshika upande mmoja, mimi mwingine. Alipotoka tu juu ya mkeka, Mama Honorata aliukunja, akausimamisha kwenye kona, akafungua milango yote miwili kwa teke.

"Majirani!" akapaza sauti. "Matanga ya Wilfred yameanuliwa! Yesu amefufuka, na mjukuu wangu anakwenda kubatizwa!"

Vigelegele vikaitikia kutoka nyumba ya pili, kisha ya tatu. Yunisi alifunika macho kwa mkono dhidi ya jua, halafu akauondoa mkono na kutembea. Mkwe wangu alikuwa ameshafika njia panda na mtoto, anaimba. Mimi, ambaye kila siku nalaumiwa kwa haraka zangu, nilikuwa nyuma, nimevaa ndala mbili tofauti, nikikimbia kuwafikia.